Nzi wa Jicho Moja

Hakuna mtu aliyempa Zaituni dakika nne. Hilo lisemwe mapema, kabla ya habari za mto na samaki, kabla msikilizaji hajaanza kutafuta wa kumlaumu. Katika mji ule hapakuwa na saa ukutani wala kengele ya kazi. Jua lilichomoza lilipoona panafaa, na siku nyingine lilibadili nia likarudi kulala. Wengine walipima siku kwa njaa, wengine kwa maumivu ya magoti. Zaituni alipima kwa kopo la maziwa. Alilitoboa mwenyewe kwa msumari, tundu moja kwenye kitako, akalitundika juu ya beseni, akalijaza maji. Maji yalipokwisha kudondoka, nzi mmoja alitakiwa awe amekamilika. Hizo ndizo alizoziita dakika nne. Huenda zilikuwa tatu. Huenda zilikuwa mwaka mzima, angepima nani?

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nzi wa chambo. Samaki wa mto ule hawakula minyoo wala donge la ugali. Walikula nzi, tena wale nzi wembamba wa mtoni wenye mikia miwili, ambao hutoka majini asubuhi na jua likizama wameshakufa. Basi watu wakajifunza kuwatengeneza. Ndani ya ghala la mawe, kwenye meza ndefu, Bi Mkunde alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana kwa uzi wa hariri, akakaza fundo kwa meno, akamsukuma nzi kuvuka meza. Zaituni akampokea, akampaka. Tumbo kwanza, rangi ya chai ya maziwa. Kisha mishipa ya mabawa, kwa brashi ya nywele tatu. Macho mwisho. Macho ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe, maana samaki wa mto ule hakudonoa kitu kisichomtazama.

Palikuwa na desturi. Kabla ya kugusa brashi, mpakaji alimkamata nzi hai dirishani, akamfunika kwa bilauri, akamtazama. Alimtazama mpaka akaona kitu ambacho jana hakukiona: pengine nywele moja mguuni, pengine namna bawa linavyobadili rangi likigeuzwa. Ndipo akapaka. Akimaliza alifunua bilauri na kumwambia yule mdudu, "Nimekuchelewesha, unisamehe," akamwachia. Mtu wa nje angecheka. Lakini kiumbe aliyepewa siku moja tu, ukimweka chini ya bilauri tangu chai hadi uji, umemlia ujana wake. Watu wa mji ule waliliona hilo kuwa deni la adabu, na hawakuona haya kuomba radhi kwa mdudu.

Zaituni naye aliomba radhi, siku baada ya siku, mpaka mtoto alipouliza.

Mtoto ni Hiba, binti yake, hana mwingine. Alikuwa na miaka sita, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu, alikaa kwenye benchi la mlangoni, uso nje, ubavu wa kushoto kwa mama yake, akichezea mabaki ya uzi.

"Mama, tunaondoka saa ngapi?"

"Nikimaliza."

"Unamaliza lini?"

"Nikimaliza, Hiba."

Mtoto akarudia uzi wake. Zaituni akasikia aibu. Neno "nikimaliza" halina miguu wala kichwa. Huwezi kumpa mtoto alishike. Na Zaituni alikuwa mtu wa vitendo, hakupenda aibu ikae bure bila kufanyiwa kitu. Siku ile ile akaokota kopo, msumari na jiwe.

"Tazama. Kopo likiisha, unakunja kidole kimoja. Vikiisha vya mikono na vya miguu, tunaondoka. Hata kama ghala linaungua."

"Hata kama Bi Mkunde analia?"

"Hata nikilia mimi," akasema Bi Mkunde kutoka ng'ambo ya meza, mdomo umejaa uzi. "Nendeni zenu. Nitajifuta mwenyewe."

Siku hiyo waliondoka jua likiwa bado kali. Walinunua mahindi ya kuchoma, Hiba akaunguza ulimi, akacheka, wakakaa kwenye ngazi za mtoni mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa hiyo zile dakika nne zilianza kwa mapenzi. Hilo nalo likumbukwe, ingawa halimsaidii mtu.

Mkono ukishajua njia haungoji tena kuongozwa. Kesho yake nzi ishirini walikwisha na jua bado liko juu. Keshokutwa walikwisha mapema zaidi. Hiba alikuwa amekunja vidole vyote na kuvaa viatu, na Zaituni alikuwa ameshika brashi yenye rangi mbichi, na nzi wa ishirini na moja ameshasukumwa kuvuka meza. Akafikiri: kumi tu. Nimeokoa muda, mbona nisiutumie?

Hapo pana swali ambalo alikuja kulitafakari baadaye, alipokuwa hana kingine cha kutafakari. Mtu akiokoa muda, anauweka wapi? Nafaka iliyookolewa ina ghala, maji yana mtungi, hata pumzi ina kifua. Lakini hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kufungua sanduku akakuta saa moja aliyoiweka juzi, imekunjwa vizuri, haijaliwa na nondo. Muda uliookolewa hudondokea pale pale ulipookolewa. Zaituni aliuokoa mezani, ukabaki mezani, na meza ikaula. Naye hakuwa na wa kumshitaki. Mtu akiamriwa, hupata faraja ya kumchukia aliyemwamuru. Humsengenya njiani, humcheka akijikwaa, humwombea homa. Zaituni alikuwa nyapara na kibarua ndani ya ngozi moja. Nyapara huyo hakuugua, hakwenda msibani, hakusinzia mchana. Alimjua kibarua wake vilivyo, alijua hata mahali anapoficha uvivu.

"We Zaituni, nani anakukimbiza?" Bi Mkunde aliuliza siku moja.

"Hakuna."

"Basi mbona unahema?"

"Sihemi."

"Unahema kama mbuzi aliyeona kisu. Mimi nimekaa hapa tangu meno yangu yakiwa yangu, sijaona mtu anayekuja kuuliza kwa nini leo wachache. Wakiwa wachache, samaki watashukuru."

"Funga uzi, dada. Unanichelewesha."

"Ala! Mimi nakuchelewesha wewe? Kopo lako ndilo bibi yako sasa."

Zaituni hakujibu, maana kujibu kulikula matone matatu.

Kwanza aliacha kuomba radhi. Maneno mawili matatu, lakini ukiyazidisha kwa nzi hamsini ni kopo zima. Halafu akaacha bilauri, kwani amekwisha watazama nzi wengi kiasi hicho, ana kipi kipya cha kuona? Akawa anapaka kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ikachakaa, akawa anamtazama nzi aliyempaka jana ili ampake wa leo, na wa leo ili ampake wa kesho, mpaka yule mdudu wa mtoni akawa babu wa mbali ambaye hakuna anayejua sura yake. Bado kopo likawa linamshinda kwa matone kumi na mawili. Alitafuta mahali pa kuyapata. Tumbo halikatiki, mabawa hayakatiki. Akatazama macho.

Samaki humwona nzi kwa upande mmoja. Upande wa pili unamtazama nani?

Akaacha jicho la kulia.

Bi Mkunde aliokota mmoja mezani, akamgeuza karibu na pua. "Huyu mbona ana chongo?"

"Samaki hamgeuzi."

"Wewe umeongea na samaki?"

"Niwekee wengine."

Bi Mkunde akaweka wengine. Nzi wakaenda mtoni, na samaki wakawadonoa kama zamani, pengine zaidi. Hakuna mvuvi aliyerudi kulalamika. Hilo ndilo lililomharibu Zaituni. Kosa likiadhibiwa hukaa na jina lake la kosa. Hili halikuadhibiwa, likabadilisha nguo, likaitwa ufundi.

Tumbo. Bawa. Bawa. Jicho.

Inua mkono.

Hiba amekula? Amekula. Asubuhi amekula. Asubuhi ya lini?

Tumbo. Bawa. Bawa.

Kila kopo lilipokwisha aliinua kichwa mara moja, akatazama mlangoni, akalijaza tena. Kopo hili Hiba ana pengo. Kopo linalofuata jino limeota, kubwa mno kwa mdomo wake. Kopo jingine amevaa sare ya shule, soksi zimeshuka. Jingine soksi zimepanda na anasoma kitabu kisicho na picha. Jingine amejifunga khanga ya Zaituni mwenyewe, ile ya maua ya zambarau, na inamtosha. Benchi lilikuwa lile lile, na ubavu ulikuwa ule ule wa kushoto: sikio moja, shavu moja, jicho moja linalotazama barabara. Zaituni alimjua vizuri sana Hiba wa upande ule. Angeweza kumpaka akiwa usingizini.

"Mama, leo tumesoma mito."

"Vizuri."

"Mwalimu anasema maji unayoyaona si yale uliyoyaona."

"Vizuri."

"Mama, mwalimu amefariki."

"Vizuri."

Neno lilikwisha toka. Zaituni alilisikia likianguka sakafuni. Akainua kichwa na kopo bado lina maji, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu lini hajui, lakini Hiba alikuwa amekwisha geukia barabara, na tone lililofuata lilisikika kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Zaituni akainamisha kichwa. Alijiambia atamuuliza akimaliza huyu. Alipommaliza huyo, Hiba alikuwa na miaka mingine, na msiba ule ulikuwa umeshasahauliwa na kila mtu asiyehusika.

Asubuhi moja nzi wa kweli walitoka majini na hawakujua kwenda mbele.

Walizunguka. Kila mmoja alichora duara lake juu ya maji, kwa upande mmoja tu, kama punda wa kinu cha mafuta, mpaka akachoka akaanguka mahali alipoanzia. Samaki waliowafuata nao wakaanza kuzunguka, na mto ukawa kama chai inayokorogwa. Mishipi ya wavuvi ilijisokota ikawa kamba moja isiyofunguka. Watoto wakawakamata wale nzi kwa mikono, kwani ilikuwa rahisi, wakawaona kwa karibu: jicho moja, la kushoto. Upande wa kulia palikuwa laini.

Bombani, kwenye foleni ya ndoo, mji mzima ulikuwa na maoni.

"Ni watu wa juu ya mto. Wamemwaga kitu."

"Watu wa juu ya mto wana nini cha kumwaga? Hata chai hawana."

"Ni sabuni hizi mpya. Mimi zilinitia ukurutu."

"Wewe ukurutu umezaliwa nao, shoga, usisingizie sabuni."

Wakacheka. Zaituni alikuwa nyuma ya huyo mwenye ukurutu, ndoo mkononi. Mtu akamgeukia. "Mama Hiba, wewe mtu wa nzi, unasemaje?"

Ukweli ulikuwa mfupi, maneno machache tu, haungekula hata nusu kopo.

"Itakuwa sabuni," akasema.

Akarudi ghalani na ndoo nusu, maji mengine yamemwagikia miguu. Bi Mkunde alikuwa dirishani, amemweka nzi mmoja kiganjani. Mdudu alikuwa akizunguka kwenye mistari ya mkono wake kama anayetafuta mlango.

"Wewe umesema sabuni," Bi Mkunde akasema. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Ningesema nini?"

"Mimi nimekaa nikiwaza. Sisi tumeuiga mto miaka na miaka. Hatukuwahi kufikiri kwamba nao una macho, kwamba nao unaangalia kile tunachoutumbukizia na kusema, ah, kumbe nzi ni hivi." Akamweka mdudu kwenye kizingiti cha dirisha, polepole. "Mkaguzi Tindwa anakuja leo, mji umemtuma atafute chanzo. Amepita mitaa ya chini yote. Anatazama kila kitu kilichotoka mikononi mwa watu. Vyungu, mikeka, ndoana. Na watoto."

"Watoto wanahusikaje?"

"Kwani wametoka wapi?"

Zaituni akajifuta mikono. Kichwa chake, kama kawaida yake, kilitafuta la kufanya. Angeficha sanduku la nzi chini ya manyoya. Angefagia. Angehakikisha mtoto ni safi.

"Hiba! Inuka ukanawe uso, kuna mgeni."

Hiba aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko mama yake. Aligeuka kuingia ndani na bega lake la kulia likagonga mwimo wa mlango, bila kishindo, bila yeye kushituka, kama mtu anayegonga pale kila siku. Kisha akaja mbele, na mwanga wa dirisha ukampiga upande ambao haukuwahi kupata zamu.

Hapakuwa na jicho.

Hapakuwa na kovu pia, wala kidonda, wala kope zilizofumba. Chini ya unyusi wa kulia palikuwa na ngozi, safi, yenye afya, imetandazwa toka paji la uso hadi shavuni kama shuka ya mgeni. Hakuna kilichokuwa kimeondolewa pale. Kilikuwa hakijafanywa.

Zaituni alishika meza. Kopo lilikuwa tupu na hakulijaza.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine, mzee zaidi.

"Tangu lini nini?"

"Jicho, Hiba."

"Aa. Hilo." Hiba aliinua mkono, akagusa mahali pale kwa vidole viwili, kwa upole, kama anayehakikisha pazia limefungwa. "Nilidhani utalifikia. Kila ukiinua kichwa nilidhani sasa ndiyo zamu yake. Nikawa sitikisiki, nisikuharibie."

Zaituni akamgeukia Bi Mkunde. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Hukuniambia!"

"Nikuambie uso wa mwanao?" Bi Mkunde hakupandisha sauti. "Wewe ndiye mama. Nilidhani unajua, umeamua kukaa kimya. Watu hukaa kimya kwa mambo kama hayo. Ningekuwa nani mimi wa kukuchokonoa?"

Nje, mtu alikohoa barabarani. Kikohozi cha afisa, kinachobisha hodi kabla ya mkono.

Basi Zaituni akafanya lile alilolijua. Alimkalisha Hiba kwenye kiti chake, akamwinua kidevu, akachovya brashi kwenye nyeupe. Mkono haukutetemeka, mkono haukuwahi kumwangusha. Ukachora mviringo wa yai chini ya unyusi, kwa mzunguko mmoja, ukapata umbo mara ya kwanza. Tena lilikuwa umbo zuri. Alisikia raha ya ufundi ikimpanda kifuani, na aliichukia raha hiyo lakini hakuizuia. Nyeusi sasa. Duara la ndani. Kitone cha mwanga pembeni, ili lionekane lina uhai. Mkaguzi atatazama toka mlangoni, ataona macho mawili, ataandika mawili, atakwenda.

"Mama."

"Usitikisike."

"Hili litaona?"

Brashi ilikuwa imeshachovywa kwenye nyeusi. Ilibaki hewani.

"Litaona, mama?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikwisha sema sabuni. Mdomo ulikuwa umeshafunguliwa njia.

"Halitaona," akasema. "Litaonekana tu."

"Na nani?"

"Na huyo anayekuja."

Hiba akafikiri. Alifikiri kwa utulivu wa mtu aliyezoea kukaa. "Basi hilo ni lake," akasema. "Si langu."

Tumbo, bawa, bawa. Zaituni alisikia maneno hayo ndani ya mkono wake, yakizunguka, yakitafuta pa kuendelea. Huu ni uso, akawaza. Huu ni uso wa mtoto wangu na mimi nimekwisha anza kuhesabu. Nilimtobolea kopo ili niondoke naye mapema. Mapema ya wapi? Nimemlinda asingoje, akangoja mpaka akaota urefu. Hakuna aliyenituma. Laiti kungekuwa na aliyenituma, ningempiga kwa kiti hiki.

Akaweka brashi chini. Akalowesha pindo la khanga kwa mate, akashika kisogo cha binti yake, akafuta ile nyeupe. Alifuta taratibu, kutoka ndani kwenda nje. Hakuwahi kuligusa shavu hilo. Lilikuwa na kipele kidogo karibu na sikio, na juu yake alama mbili za tetekuwanga. Hiba alikuwa ameugua tetekuwanga! Aliugua lini, akauguzwa na nani?

"Ni Bi Mkunde aliyenipaka dawa," akasema Hiba, kama aliyeulizwa.

Mkaguzi Tindwa aliingia. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vya vumbi na jalada kwapani, na uso wa mtu aliyesikia uongo mwingi tangu asubuhi na hakuna hata mmoja uliomfurahisha. Alimtazama Hiba. Akatazama meza.

"Kumbe hapa," akasema.

"Ni mimi," Zaituni akasema. "Nzi wale ni wangu. Jicho la kulia niliacha mimi. Kwa haraka. Na huyu ni wangu pia."

Bi Mkunde akashusha pumzi ndefu. Mkaguzi akavuta kiti, akafungua jalada, akalamba ncha ya kalamu.

"Mwishowe, mtu mwenye akili. Jina."

"Zaituni."

"Kosa?"

"Nimekwisha sema. Haraka."

"Nani aliamuru haraka hiyo?"

"Mimi."

Kalamu ikasimama. "Sikiliza, mama. Hapa pana mistari miwili. Mstari wa juu, aliyeamuru. Mstari wa chini, aliyetii. Wa chini nimekuandika. Wa juu nahitaji mtu."

"Ni mimi huyo huyo."

"Haiwezekani. Aliyeamuru hutozwa, aliyetii husamehewa. Nikikuandika pande zote mbili nitakutoza na kukusamehe kwa wino mmoja. Wakubwa watanirudishia karatasi. Hapakuwa na msimamizi?"

"Hapakuwa na mtu."

"Bibi huyu?"

"Mimi nafunga uzi tu," akasema Bi Mkunde. "Mtu asinitie kwenye mistari."

"Mume? Mkwe? Jirani mwenye maneno?" Mkaguzi alikuwa karibu kumwomba. "Mama, nisaidie. Mji unataka jina. Nitajie hata aliyekufa."

Zaituni aliona mlango umefunguliwa. Wafu wa mji ule walikuwa wengi na wapole, yeyote kati yao angebeba. Alitazama ule mstari mtupu wa juu, mrefu, mweupe, unaomngoja mtu mwingine, na alitamani kuwe na mtu mwingine kuliko alivyowahi kutamani chakula.

"Hakuna," akasema.

Mkaguzi akafunga jalada. Alimtazama kwa namna ya mtu anayeona mzigo asioweza kumpokea mwenzake. "Basi sina adhabu ya kukupa," akasema. "Wala msamaha. Nitaandika sabuni." Akakohoa, akatoka, na kwa muda walisikia viatu vyake vikiteremka kwenda mitaa ya mto.

Zaituni alikaa. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, kwa aibu ya hadharani, kwa kufukuzwa, kwa mawe hata. Hakujiandaa kuachwa hivi hivi na kitu chake mkononi.

"Mimi naenda nyumbani," Hiba akasema.

"Twende."

"Mezani je?"

"Twende, Hiba."

Walitoka. Barabara ilikuwa ile ile, isipokuwa ndefu, na miti yake ilikuwa imekua bila ruhusa. Zaituni alikwenda upande wa kushoto wa binti yake, kwa mazoea. Kisha akapita nyuma yake, akahamia kulia, upande usio na kitu. Hiba alitembea kwa kupinda kidogo, akivutwa na jicho lake moja, na kila hatua kadhaa ilibidi ajirekebishe asirudi alikotoka. Zaituni alinyosha mkono amshike.

"Usinishike. Nikishikwa nitajua kuna mkono tu. Sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Upande huo sioni. Upo?"

"Nipo."

Wakapita bombani. Yule mwenye ukurutu aliita salamu, Zaituni akaitikia, na hakusimama.

"Upo?"

"Nipo. Una kipele karibu na sikio."

"Najua."

"Mimi sikujua."

Hiba hakusema kwamba haidhuru. Walikwenda, na nzi walikuwa wakizunguka juu ya mtaro, na Zaituni akaanza kuwatazama. Aliona namna mdudu anavyolalia bawa la kushoto, na mkono wake ulishaanza kujua: ukiongeza unene kidogo kwenye mshipa wa nje, ukatumia kahawia badala ya nyeusi, na jicho la kulia ukalitia kwanza badala ya mwisho, basi kwa siku moja mtu angeweza kurekebisha labda wanane, tisa, akijihimiza kumi...

"Upo?"

Tisa ni wengi. Kumi inawezekana, mtu akianza mapema.

"Mama. Nimekuuliza."

Zaituni alishituka. Hiba alikuwa amesimama katikati ya barabara, uso mbele, shavu lile tupu kwa mama yake. Halikuonyesha hasira wala kitu kingine chochote. Mtu angeweza kulidanganya kama anavyotaka.

"Ulikwenda wapi?"

"Mezani," Zaituni akasema.

Hiba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa umbali wa safari na akaona ni ule ule aliokadiria. Hakugeuka. Akapanga khanga yake vizuri begani, akakaza miguu, akangoja.

"Haya," akasema. "Rudi."

Na Zaituni, aliyekuwa amesimama pale pale, hatua moja kutoka kwake, akaanza kurudi.